Jembe la Siku ya Kwanza

Wahenga walituachia siku mbili za heshima,
ya tatu ndipo mgeni apewe jembe.
Lakini Joost wa Uholanzi,
kabla vumbi la bodaboda halijamtoka,
alinishika mkono kwa mikono miwili
akauliza: Jembe liko wapi?

Nikaona aibu.
Kuku nilikuwa nimeshamfunga miguu,
vikombe sita nimeazima kwa mama Kageha,
godoro limetoka bweni la shule, bado lina nambari,
na ukuta wa jikoni ulikuwa mbichi
nilivyousiriba usiku kwa taa ya simu.
Kaa kwanza, nikamwambia. Kunywa chai.
Akanywa amesimama.

Mama mkwe alikuwa mlangoni akichambua kunde.
Huyu analipa? akauliza kwa Kimaragoli.
Analipa, mama. Elfu moja na mia tano kwa siku, chakula ndani.
Akachambua majani matatu, manne.
Basi ni mgeni au ni mpangaji?
Sikuwa na jibu. Karo ya Vihenda ilikuwa nalo.

Shamba letu ni robo tatu ya ekari
kwenye mteremko chini ya Mbale,
mawe makubwa yamelikalia pembe zote kama wadai.
Joost alilipima kwa hatua zake ndefu,
akafika mwisho, akageuka, akatazama nyuma
kana kwamba kipande kingine kilikuwa kinakuja.

Asubuhi alimtangulia jogoo wa jirani.
Tulipotoka alikuwa amepalilia mistari miwili,
shingo imeiva kama pilipili,
mrenda wote ameung'oa, ameulaza pembeni kwa adabu,
na sangari ameiacha, ameitilia hata samadi.
Vihenda akaangua kicheko. Nikamkanyaga mguu.
Mchana tuliula mrenda uleule.
Aliuvuta kutoka sahanini, ukavutika, ukakataa kukatika,
akainuka nao mpaka akasimama wima,
na mama mkwe, ambaye hajacheka tangu mazishi,
akafunika uso kwa leso.

Siku ya nne, jua la saa nane,
aliketi juu ya kaburi la Asava kufunga kamba za buti.
Ni saruji laini, ina kivuli cha mparachichi;
kwa asiyejua, ni benchi.
Nilimwona Vihenda ameganda na ndoo.
Mdomo wangu ulishafunguka kukemea
mama mkwe akaniwahi:
Mwache. Mwanangu hakupenda kukaa peke yake.
Akamaliza kamba moja, akaanza ya pili,
akipiga mluzi.
Asava naye alikuwa na mluzi.

Sijui nani alimwambia baadaye.
Usiku alikuja jikoni, macho chini,
ameshika karatasi aliyoandikiwa na mtoto,
akasoma silabi moja moja:
Nisamehe. Nilimkalia mzee.
Nikamwongezea ugali.

Sasa wiki ya tatu ameondoka.
Godoro limerudi bwenini. Vikombe vimerudi vitano;
cha sita alikivunja yeye, nikasema ni mimi.
Buti zake ziko nyuma ya mlango,
hakuna mguu humu wa kuzijaza.
Karo imelipwa nusu.

Jana Kefa, yule wa mjini anayetuletea, alipiga simu:
wengine wawili, Ijumaa, kutoka Kanada.
Mama mkwe alisikia. Hakuuliza kama wanalipa.
Alichukua ufagio, akavuka uwanja polepole,
akafagia majani ya mparachichi juu ya saruji,
kisha, upande ule wa kivuli,
akapangusa kwa leso
nafasi ya watu wawili.